Intaneti chini ya Milima ya Uluguru

Intaneti ilifika Kilakala kwa kusogea kidogo kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 mkazi wa kata hiyo aliyetaka kuutumia mtandao alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190, au kumwomba mtu wa chuoni amtumie ujumbe kwa anwani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alishuka mjini Morogoro na kulipia saa moja kwenye kafe. Miaka kumi baadaye mtandao ulikuwa ndani ya modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na haukupita muda ukahamia kwenye simu ya mfukoni. Watu hukumbuka zaidi vifaa hivyo, kwa kuwa walivishika mikononi. Kilichoamua kila kimoja kifike lini, kwa bei gani na kwa nani, wengi hawakukiona: ni njia ya kutokea Morogoro kwenda nje ya nchi. Njia ikiwa nyembamba na ghali, kompyuta nzuri haikusaidia kitu. Njia ilipopanuka, hata simu ya bei ndogo ikawa na maana.

Kata yenyewe iko pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda mlima. Jina lake linajulikana nchi nzima kwa sababu ya shule ya sekondari ya wasichana, iliyoanzishwa na Masista wa Maryknoll katika miaka ya 1950 kwa jina la Marian College, ikawa ya serikali baadaye, na sasa imo katika kundi la shule zinazopokea wanafunzi wenye ufaulu wa juu kutoka mikoa yote. Shule ya namna hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kupima mawasiliano, maana wanafunzi wake wako mbali na kwao. Kabla ya simu za mkononi, nyumbani kulikuwa ni sanduku la posta. Barua nchini Tanzania haikuletwa mlangoni. Ilikaa kwenye S.L.P. ya shule, ya mwajiri, ya parokia au ya msikiti, ikisubiri mwenye ufunguo. Binti aliyetoka Bukoba au Mtwara aliandika, akangoja kwa majuma, na jibu lilipofika mara nyingi lilizungumzia mambo yaliyokwisha kupita. Kwa msiba au ugonjwa kulikuwa na simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa kila neno, na ndiyo maana ilikuwa fupi kiasi cha kutisha.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kwa amri. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu. Uamuzi huo ulikuja baada ya mfumo wa hesabu wa kompyuta katika Wizara ya Fedha kuleta vurugu na hasara, wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ulikuwa na sababu zake, lakini ulidumu mno. Uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na mageuzi mengine ya uchumi. Wakati huohuo Shirika la Posta na Simu liligawanywa: posta ikabaki peke yake, na kuanzia 1994 simu zikawa chini ya Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL. Mwaka huo pia Mobitel ikaanza kuuza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Kwa hiyo kizazi cha Watanzania kilichokutana na intaneti kilikuwa pia ndicho kilichokutana na kompyuta na simu ya mkononi, vyote ndani ya takriban miaka kumi.

Barua pepe ilitangulia kurasa za wavuti. Dar es Salaam, madaktari wa hospitali ya Muhimbili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kupitia HealthNet, mtandao uliotumia satelaiti ndogo iliyozunguka chini chini. Ujumbe ulikusanywa, ukangoja satelaiti ipite juu ya anga la mji, ukapakiwa, kisha ukashushwa ilipofika mbele ya kituo kingine. Wengine walituma kwa laini za kawaida za simu: kompyuta ilipiga, ikapeleka furushi la barua, ikapokea la kwake, ikakata. Jina la kikoa la nchi, .tz, lilisajiliwa mwaka 1995, na kufikia 1996 kampuni ya CyberTwiga ilikuwa ikiwauzia wakazi wa Dar es Salaam huduma ya intaneti.

Kwa mtu wa mikoani, Dar es Salaam ilikuwa ndiyo kikwazo. Modemu ya simu ilifanya kazi kwa kupiga namba ya kampuni, na kampuni zilikuwa huko. Aliyepiga kutoka nje ya jiji alilipa gharama ya simu ya mbali kwa kila dakika, juu ya ada ya huduma, na laini ikikatika katikati ya barua alianza upya. Modemu bora za wakati huo zilitangazwa kuwa na kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde. Kwenye nyaya za shaba zilizochakaa, hata nusu ya kasi hiyo ilikuwa neema. Kifaa kilikuwepo, ila kutoka nje kulikuwa ni kupitia tundu la sindano.

Mahali palipoumia zaidi kwa ukosefu huo ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko upande mwingine wa mji chini ya mlima uleule. Mtafiti wa mimea au mifugo aliyefanya kazi hapo alihitaji majarida ya kisayansi yaliyochapwa Ulaya na Marekani, na bei za kuyaletewa kwa posta zilikuwa zikipanda huku bajeti za maktaba zikishuka. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, SNAL, iliyo ndani ya chuo hicho, ilipata nafuu kwa namna ambayo leo inaonekana ya ajabu. Mwaka 1999 maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani ilianza kusambaza TEEAL: majarida ya kilimo yaliyonakiliwa kurasa zote kwenye santuri nyingi za kompyuta na kuuzwa kwa nchi maskini kwa bei iliyopunguzwa. Watu waliiita maktaba ndani ya sanduku. Santuri zilisafiri kwa ndege na kwa gari, zikawekwa rafuni, na mwanafunzi akatafuta makala bila kuugusa mtandao.

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa sababu sanduku lile linaeleza tatizo la miaka ile kuliko takwimu yoyote. Maarifa yalikuwa tayari ya kidijitali. Kompyuta za kuyasoma zilikuwepo Morogoro. Walimu wa kuyafundisha walikuwepo. Kilichokosekana ni njia tu, na ndipo waungwana wa Cornell wakaamua kuyapitisha barabarani. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likazindua AGORA, iliyotoa majarida ya aina hiyohiyo kupitia wavuti bure au kwa ada ndogo kwa vyuo vya nchi maskini. Lakini ili kuyapakua ilibidi chuo kiwe na uhusiano wa maana na dunia, na uhusiano huo bado ulipita kwenye satelaiti.

Satelaiti za mawasiliano za aina iliyotumika wakati huo hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa karibu kilomita 36,000. Ombi la kufungua ukurasa hupanda umbali huo, hushuka upande wa pili, na jibu hurudi kwa safari ileile. Kwa hiyo karibu nusu sekunde hupotea hata kabla ya kuhesabu foleni. Bei iliumiza zaidi ya ucheleweshaji. Kabla ya nyaya za baharini, megabiti moja kwa sekunde ilikodishwa Afrika Mashariki kwa dola elfu kadhaa kila mwezi. Chuo kizima kingeweza kugawana njia ambayo leo ingeonekana ndogo kwa nyumba moja.

Kafe za intaneti ziliishi kwa kuigawa njia hiyo vipande. Zilienea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, zikafika Morogoro, na kwa muda wa karibu miaka kumi zilikuwa ndizo lango la umma. Chumba kilikuwa na meza za mbao zilizotenganishwa kwa ubao ili kila mtu awe na siri yake, feni ya dari, kompyuta zilizotumika tayari Ulaya au Uarabuni, na mhudumu aliyeandika saa ya kuingia na ya kutoka. Bei ilianza juu na kushuka. Katikati ya miaka ya 2000 shilingi 500 kwa saa ilikuwa kiwango cha kawaida mijini. Chukua kafe yenye njia ya kilobiti 128 kwa sekunde na kompyuta kumi zote zinatumika. Kila mteja anapata chini ya kilobiti 13. Picha moja ya megabaiti moja ingemchukua zaidi ya dakika kumi kuifungua, yaani sehemu ya sita ya saa aliyoilipia. Ndiyo maana wazoefu waliandika barua zao kwanza kwenye daftari, wakaja nazo zikiwa zimekamilika, wakazichapa haraka.

Anwani ya Yahoo au Hotmail ilikuwa ni mali. Kijana aliyeifungua aliiandika kwenye karatasi na kuitunza pamoja na vyeti, na kwa wengi ilikuwa ndiyo anwani ya kwanza isiyotegemea sanduku la posta la mtu mwingine. Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyosemwa wakati ule. Mhitimu wa kidato cha sita ambaye hakuwa na mwajiri wala S.L.P. ya familia sasa angeweza kupokea barua kwa jina lake mwenyewe popote alipo.

Kazi za kafe zilibadilika mwaka kwa mwaka. Kulikuwa na majira ya Green Card, hasa baada ya mwisho wa 2003, pale Marekani ilipoacha kupokea fomu za karatasi katika bahati nasibu yake ya viza na kutaka zote zije kwa mtandao. Wahudumu walipiga picha, wakapunguza ukubwa wake na kujaza fomu kwa ada. Kulikuwa na majira ya matokeo. Zamani matokeo ya Baraza la Mitihani yalibandikwa kwenye mbao za shule au kusomwa magazetini. Yalipoanza kuwekwa kwenye wavuti wa Baraza, siku ya kutangazwa ilikuwa siku ya msongamano, kwa kuwa nchi nzima ilifungua ukurasa mmoja saa ileile. Wazazi wengi waliokuja siku hiyo walikuwa hawajawahi kugusa kipanya cha kompyuta. Walimtajia mhudumu namba ya mtihani, naye akawasomea. Mhudumu wa kafe alijua kufaulu na kufeli kwa watoto wa mtaa kabla ya ndugu zao, na wengi wao waliibeba dhamana hiyo kwa staha inayostahili kukumbukwa.

Umeme ulikuwa tatizo la kudumu. Mkoa wa Morogoro una Kidatu na Kihansi, mabwawa yanayolisha gridi ya taifa, lakini gridi hugawiwa nchi nzima, na ukame ulipoikausha mito, hasa 2006 na 2011, mgao haukuchagua. Kafe iliyokuwa na jenereta ilifungua kwa bei ya juu. Isiyokuwa nayo ilifunga, na mteja aliyekuwa katikati ya kujaza fomu alipoteza kila kitu.

Kisha njia ikapanuka. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiiunganisha Dar es Salaam na Afrika Kusini, Msumbiji, Kenya, na kupitia kaskazini hadi Ulaya na India. Mwaka uliofuata ukaja EASSy, ambao TTCL na Zantel ni miongoni mwa wamiliki wake. Nyuzi za kioo zilizolala chini ya Bahari ya Hindi zilibeba data mara maelfu kuliko satelaiti zilizokodishwa, na safari ya kwenda Ulaya na kurudi ikashuka hadi takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Bei ya jumla ikaanguka kutoka maelfu ya dola hadi mamia, na haikuishia hapo.

Mkongo wa baharini peke yake ungeishia ufukweni. Kilichouleta bara ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao serikali iliujenga kwa mkopo wa China na kuukabidhi TTCL kuuendesha. Hapa jiografia iliipendelea Morogoro. Mji huu uko penye njia panda: Msamvu ndipo barabara ya Dodoma inapoachana na ile ya Iringa na Mbeya. Mapema zaidi, reli ya kati ilikuwa imefika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Nyuzi za mkongo hufuata njia ambazo tayari zimekatwa, kwa hiyo kila aliyetaka kupeleka mawasiliano Dodoma, Mwanza, Mbeya au mpaka wa Zambia mara nyingi aliyapitisha Morogoro. Miji mingine ilingoja. Huu ulikuwa njiani tu.

Athari zake hazikuonekana siku moja. Vyuo ndivyo vilivyohisi kwanza, SUA na pia Mzumbe, kilichokuwa chuo cha uongozi tangu 1972 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Kafe nazo zikapata kasi na kwa miaka michache zikanawiri, zikiweka kompyuta zaidi na kushusha bei. Kisha wateja wakaanza kupungua, kwa sababu mkongo uleule uliozinufaisha ulikuwa umefika pia kwenye minara ya simu.

Simu ilikuwa imeshajiandaa. Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001, na ujumbe mfupi wa maandishi ukazoeza vidole vya watu wote, pamoja na bibi zao. Data ya kwanza ya simu, GPRS, haikuwa na kasi kuliko modemu za zamani, ila ilikwenda popote penye mnara. Simu za Nokia zenye Opera Mini ziliifanya itumike: ukurasa ulibanwa kwanza kwenye seva za mbali, ukafika simuni ukiwa mwepesi, na shilingi chache za vocha zikatosha kusoma habari. Mwaka 2007 Vodacom ilileta 3G, ikianzia Dar es Salaam. Baada ya mkongo zikaja modemu za USB, ambazo mwanafunzi wa chuo alinunua na kuazimishana na wenzake wa chumba kimoja. Na kuanzia 2015, Tigo ilipoanza kuuza 4G, kampuni kubwa zikaanza kushindana kwa kasi.

Bando ndilo lililobadilisha tabia. Mtu halipii tena saa ya kukaa kwenye kiti. Analipia megabaiti, kwa siku, juma au mwezi, na zikiisha anaunga tena. Kwa wenye kipato cha siku, vifurushi vya siku vilikuwa mlango wa haki kabisa, ingawa kwa hesabu ya megabaiti kwa shilingi maskini hulipa zaidi kuliko anayenunua cha mwezi. Watu wanaijali bei hiyo kama wanavyoijali ya unga. Tarehe 2 Aprili 2021 viwango vipya vya bando vilipoanza kutumika, malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivisitisha siku hiyohiyo.

Pesa kwa simu mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya historia hii, na hapo panahitaji uangalifu. M-Pesa ilianza Tanzania Aprili 2008, Tigo Pesa ikafuata 2010, lakini anayebonyeza *150*00# hatumii intaneti. Menyu ile hupita kwenye njia ya mawimbi ya simu za kawaida, na ndiyo sababu kitochi cha bei ndogo kinaiweza. Hata hivyo bila pesa ya simu intaneti ya Watanzania isingekuwa hivi ilivyo, kwa kuwa ndiyo inayonunua bando, inayolipia ada ya maombi, na inayomwezesha muuzaji wa mtandaoni kulipwa na mtu asiye na akaunti ya benki.

Lugha nayo ilikuwa na historia yake. Kurasa nyingi ambazo wateja wa kafe walizifungua zilikuwa za Kiingereza. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ilikuwa imeanza Chuo Kikuu cha Yale katikati ya miaka ya 1990, Wikipedia ya Kiswahili ikafunguliwa 2003, na mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, akaanza kuandika Jikomboe, blogu iliyowaonyesha vijana wengi kwamba mambo mazito ya siasa na utamaduni yanaweza kujadiliwa mtandaoni kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huohuo wataalamu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Kazi hizo zilifanywa na watu wachache, wengi bila malipo, na Kiswahili kinachojaa leo kwenye simu za nchi nzima kilianzia kwao.

Mtandao uliotoka nje ulifungua pia njia ya kuingia. Shirika la APOPO, lililoweka makao SUA tangu mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufunzwa Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2016 na kugundua zaidi ya mabomu 70. Septemba 2020 taasisi ya PDSA ya Uingereza ilipomtunuku nishani ya dhahabu, picha yake ilizunguka dunia ndani ya siku moja. Watu wa mabara mengine wasioweza kuuonyesha Uluguru kwenye ramani humlea panya wa Morogoro kwa mchango wa kila mwezi, na kupata habari zake kwa barua pepe.

Wakati huo serikali ilikuwa imehamishia milango yake mingi mtandaoni. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilipokea maombi ya wanafunzi wapya kwa mfumo mmoja wa pamoja, hadi 2017 vyuo vyenyewe vilipoachiwa kudahili. Mikopo ya elimu ya juu, ajira za serikali, vyeti vya kuzaliwa, namba ya mlipakodi, vyote vilifuata. Hatua hizo ziliokoa safari nyingi za Dar es Salaam na Dodoma. Zilileta pia hitaji jipya: mtu mwenye simu yenye kioo kidogo hawezi kwa urahisi kuchanganua vyeti, kuvibana vifikie ukubwa unaotakiwa na kuvipandisha bila kosa. Kafe zilizokuwa zikifa zikafufuka kwa jina la steshenari. Kwenye steshenari kuna mashine ya kudurufu, printa, kompyuta moja au mbili, na kijana anayejua kila mfumo wa serikali unakwama wapi. Wahitimu wa kidato cha sita humwendea wakati wa maombi ya mikopo wakiwa na bahasha ya vyeti. Simu zimeondoa safari ya kwenda kwenye mtandao, ila hazijaondoa haja ya mtu wa kukaa pembeni na kuelekeza, na ni haki kazi ya vijana hao ihesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu ya nchi.

Mwaka 2020 uliweka wazi pengo hilo. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, wengine mwishoni mwa mwezi. Katika miezi hiyo masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, na walimu waliojituma walipeleka maswali kwenye magrupu ya WhatsApp. Lakini wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na nyumbani simu janja mara nyingi ni moja, nayo ni ya mzazi anayetoka nayo asubuhi. Mtandao uliokuwa umefika mfukoni haukuwa umefika kwenye mfuko wa mtoto.

Sokoni mabadiliko yalikuwa ya utulivu zaidi. Ndizi, mboga, stroberi na viungo vya Uluguru hushushwa mjini, na tangu 2021 wengi hufanya biashara katika jengo jipya la Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mnunuzi wa Dar es Salaam huonyeshwa picha ya mzigo kwanza, hupatana bei, hutuma sehemu ya fedha, ndipo gari hupakiwa. Hakuna aliyefundisha utaratibu huo wala aliyeuwekea jina. Ulizuka wenyewe mara picha zilipokuwa nafuu kutuma. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro, hata tiketi ya reli hukatwa kwa simu.

Kadiri maisha yalivyohamia humo, mtandao ulizidi kufungwa kwa masharti. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaja 2018 na kuwataka wenye blogu walipie leseni, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungiwa. Baadhi ya masharti haya yalipunguza wizi. Mengine yaliwanyamazisha waandishi wadogo ambao hawakuwa na fedha za ada, na hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa, na Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia siku ya kupiga kura. Wakati mwingine njia hukatika yenyewe: tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy ziliharibika karibu kwa wakati mmoja baharini kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikabaki na njia nyembamba kwa siku kadhaa. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam uliahirisha huduma zake. Nyaya mbili zilizopita karibukaribu hazikuwa njia mbili.

Mwishoni mwa 2024 laini zilizotumia intaneti Tanzania zilikuwa zaidi ya milioni 45, idadi inayohesabu laini na siyo watu, kwa kuwa wengi wana laini zaidi ya moja. Vodacom ilikuwa imewasha 5G tangu 2022. Takwimu za namna hiyo hufunika mlima. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale mnara na simu vinapoonana, na Uluguru ni matuta yanayopanda hadi zaidi ya mita 2,600 yakiwa na mabonde yenye kina kati yake. Mnara unaohudumia Kilakala uko upande wa mji. Vijiji vya Mgeta na Kinole viko nyuma ya mgongo wa mlima, na mnara wa bonde moja hausaidii bonde la jirani. Kampuni hazina hamu ya kujenga mnara kwa kaya mia chache zinazonunua vocha ndogo. Kwa maeneo ya aina hiyo uliundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa sheria ya mwaka 2006, unaozilipa kampuni ruzuku ili zijenge mahali pasipo na faida. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 za Tanzania Bara. Mpango huo ulihusu pia minara iliyokuwepo tayari ikiwa na uwezo wa 2G tu, ambayo ilitosha kwa sauti, ujumbe na menyu ya pesa lakini si kwa picha ya mzigo wa ndizi: hiyo ilipangiwa kuongezewa uwezo wa 3G na 4G.